Msindikiza Magari

Jumapili, alasiri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, maana tangu uniambie habari za goti lile nimekuwa nikikuombea kila asubuhi kabla hata sijajiombea mimi. Shemeji hajambo? Kifua kimepoa, au bado anakaidi dawa? Na kuku wako, ambao ukiwasimulia mtu hudhani unasimulia wakwe, wanaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako anakusalimu sana. Yupo hapa mezani anachambua maharage, na kila kalamu yangu ikisimama ananyanyua kichwa kunitazama kama askari wa mlangoni. Zaidi ya uzima wa mwili, dada, sina cha kukupa. Nina hofu. Leo ni siku ya kumi na saba naamka nayo, navaa nayo viatu, nakaa nayo mezani, na nikimeza tonge inatangulia yenyewe kooni.

Usishangae herufi zangu kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, wala kalamu hii nene ya kuandikia maboksi. Sababu utaikuta humu ndani. Wiki hii nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Karatasi ina heri yake, haimkatizi mtu.

Ujumbe wako niliupata. Umeniuliza swali moja tu, ukalirudia, kwamba mimi niliyekuwepo nikuambie, je, ni kweli Bisibisi alisahau kuwasha ile taa. Umesema mtoto amerudi nyumbani na begi moja, hali chakula, na akishazima jiko anarudi kuliangalia, anakwenda kukaa, anarudi tena. Mikono ile iliyofungua redio ya baba akiwa na miaka saba, akairudisha ikaimba vizuri kuliko mwanzo, mpaka tukampa jina la Bisibisi, leo inaogopa kubadilisha balbu. Na kesho saa nne asubuhi kamati inakaa. Ikiamua kosa ni lake, cheti chake cha ufundi kinafutwa na hatagusa tena gari lolote, achilia mbali mambo ya mahakamani. Yote hayo nayajua, dada. Nitakujibu. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na jibu sitaweza kuendelea.

Unakumbuka nilivyoacha kuendesha gari la mkate nikawaambia wote kwamba ni mgongo. Nilikaa nyumbani miezi minane nikihesabu mbao za dari, mpaka wifi yako akasema nikihesabu mara moja zaidi zitaanza kunihesabu mimi. Aliyenitoa pale ni Bisibisi. Wakati ule hospitali kubwa anakofanya kazi ilikuwa imeleta magari meupe kumi na mawili yasiyo na dereva. Yanawafuata wagonjwa majumbani, yanawashusha langoni, kisha yanakwenda yenyewe kujiegesha katika jengo la ghorofa tatu nyuma ya maabara, moja kando ya jingine, nafasi kati yao kiganja tu. Mgonjwa akimaliza, linateremka lenyewe kumchukua. Mwanzoni niliyaogopa kama nyoka. Hayana sauti. Yananong'ona tu kama mtu anayekunja shuka, na ukigeuka liko nyuma yako.

Na sikuwa peke yangu. Wiki mbili nzima hakuna aliyepanda. Bibi mmoja aliuliza akiingia humo ndani amwamkie nani. Muuza magazeti wa langoni akasema yeye atapanda siku atakayomwona mama mzazi wa aliyeyatengeneza amekaa kiti cha mbele. Meneja wa maegesho, kijana mwenye tai na maneno mengi, akatangaza bure, akaweka mabango, akaweka muziki, watu wakacheza muziki wakaenda kwa miguu. Mwishowe akasema watu hawakosi imani na mashine, wanakosa mtu wa kumlaumu. Kwa hiyo akatafutwe mtu. Bisibisi akamwambia anaye mjomba wake, mcha Mungu, ana sura ya kuaminika na amekaa barabarani miaka ishirini na miwili bila ajali. Akanisimamia. Fomu yangu ina sahihi yake chini.

Wakanipa koti la rangi ya chungwa, filimbi, na jina la kazi ambalo lilinichekesha: msindikizaji. Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kumfungulia abiria mlango, kumtuliza, na kulisindikiza gari hatua kadhaa kama unavyomsindikiza mgeni, nikiwa nimeweka mkono juu ya boneti ili watu waone lina mwenyewe. Ya pili ni ile taa. Kila gari lina taa juu ya kioo cha mbele. Ikiwa ya kijani, gari linaona kwa vile vidubwasha vya kwenye kona ambavyo Bisibisi huviita vihisi na mimi naviita macho, na mtu akikatiza linasimama. Ikiwa nyekundu, macho yamezimwa. Ni gari bovu au chafu linapelekwa gereji, linatambaa kwa mwendo wa mtu juu ya mstari wa njano uliopakwa chini, na halimwoni mtu wala ukuta. Hata kumbukumbu yake inakuwa imezimwa, haiandiki kitu. Mstari huo unakatiza pale pale langoni ninaposimama. Nikiona nyekundu napuliza filimbi, watu wanapisha, basi. Taa nyekundu haiwaki yenyewe. Fundi anaiwasha kwa mkono, swichi iko chini ya dashibodi, kisha analiachia gari na kwenda kulipokea gereji. Shika hilo, dada, kwamba fundi anawasha na mwenye filimbi anaangalia.

Sasa nikuambie kiburi changu kilipozaliwa. Siku moja mzee mmoja alikataa katakata kumpandisha mkewe. Nikamwambia atazame. Nikasimama mbele ya gari linalokuja, nikaligeuzia mgongo, nikafumba macho na kutaja jina la Bwana. Likasimama kabla halijagusa koti. Watu walipiga makofi. Mzee akampandisha mkewe, na yeye akapanda, akanipungia mkono dirishani kama bwana harusi. Tangu siku hiyo ukawa ndio mtindo. Mwenye mashaka akija, mimi nasimama, nataja jina la Bwana, gari linasimama, abiria anapanda. Kanuni haikuruhusu, lakini meneja alipoona magari yanajaa alicheka akaangalia pembeni. Wakaniita Mzee wa Filimbi. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimevimba kifua. Wifi yako alinionya mara moja tu, akasema jina la Mungu si breki. Nikamjibu kwamba yeye hajui kazi za watu.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye sikumpata. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, anayemleta mumewe mara tatu kwa wiki kuchujwa damu. Kwa kuwa uwanja wa mbele uliachiwa magari meupe, yeye aliacha kigari chake kikuukuu kule ng'ambo ya barabara na kumsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu juani, mwendo wa robo saa, kupanda kilima. Miguu yake ikawa inavimba. Nilimsihi asajili jina wafuatwe nyumbani. Alinijibu kwamba katika miaka thelathini na nne ya kufundisha hakumpa alama mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia, na lile gari linafika bila kuonyesha njia. Siku nyingine aliniuliza likinigonga nitampigia filimbi yeye aje kuninyanyua, au nitangoja ageuke mwenyewe anione. Tulitaniana hivyo miezi minne. Mumewe alikuwa akicheka polepole, akishika ubavu, akisema hatimaye mkewe amepata mwanafunzi wa rika lake.

Alhamisi ile, mumewe akiwa ndani kwenye mashine, Mwalimu alitoka kupumzika kwenye benchi yangu. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua limeshuka linatutazama usoni. Alivua kiatu akakanda mguu, na kwa mara ya kwanza hakutania. Akasema amechoka. Akasema kilima kile kimemshinda, na kama kitu kile kinasimama kweli, basi wiki ijayo wafuatwe. Lakini kisimame kwa ajili yake, si kwangu, maana mimi huenda kinajua harufu yangu kama mbwa. Dada, nilifurahi kama niliyeokoa roho ya mtu. Nikatazama upande wa mteremko nikaona gari linakuja. Hapa nitaruka kitu kimoja, nitakirudia baadaye, usinihukumu kwa kukiruka.

Nilimshika mabega kwa mikono yangu hii. Nikamsimamisha njiani, nikamgeuza uso alitazame gari. Nikamwambia asisogee hata kidole, akisogea ataharibu jaribio. Akasema kumbe najua masharti ya jaribio. Nikasimama kando, nikataja jina la Bwana kama kawaida yangu. Gari likaja. Lilipokaribia hakuliangalia, aliniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia yote ni sawa, na nikatabasamu. Dada, mpaka leo tabasamu lile nalisikia usoni kama uchafu ambao hautoki kwa maji.

Halikumgonga kwa kishindo. Lilimsukuma kama mtu anavyosukuma mlango ambao haukukomewa. Akaanguka ubavu, na nikasikia mfupa, kama kijiti kikavu kinavunjika ndani ya gunia. Nikangoja lisimame. Nilingoja, dada, wakati mtu yuko chini, kwa kuwa kila siku husimama. Lilipoendelea ndipo nikajitupa juu ya boneti nikilisukuma nyuma, viatu vinateleza, nikimwita Bwana safari hii kwa kweli, na chuma kile hakikujua kama kuna mtu mbele yake au majani. Halikuwa na hasira wala haraka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Bisibisi alisikia kelele akiwa gereji, akatoka mbio na rimoti mkononi, kiatu kimoja kimebaki nyuma, akabonyeza, likasimama. Gurudumu lilikuwa limekwisha kupanda upindo wa gauni la Mwalimu. Ingekuwa pumzi mbili zaidi, leo ningekuwa nakuandikia habari za msiba.

Watu wakajaa. Gari lilikuwa linalia kengele ya hitilafu, meneja akaja amepauka, akafungua mbele akang'oa waya mkubwa, kengele ikanyamaza na taa ikazimika. Kisha akanigeukia akaniuliza taa ilikuwa rangi gani. Bisibisi alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Mwalimu mapajani mwake, mikono ina povu la sabuni, maana alikuwa na magari ya kuosha siku ile. Nikajibu kijani.

Bisibisi aliinua uso akanitazama.

Kamera ya langoni ilikuwa inatazama foleni ya wagonjwa, haikuona kitu. Waliokuwepo kila mmoja ana lake, wengine wanasema kijani, wengine wanasema haikuwaka kabisa. Kwa hiyo neno lililobaki ni la mwenye filimbi. Ikiwa taa ilikuwa ya kijani na gari halikuona, basi fundi alizima macho akasahau kuwasha nyekundu. Ndivyo ilivyoandikwa. Ndivyo mwanao alivyosimamishwa kazi.

Jioni ile ile alikuja hapa nyumbani. Hakukaa. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, Mjomba, una hakika? Nikamwambia nina hakika. Akatazama mikono yake, akasema basi labda alisahau, maana vidole vilikuwa na sabuni na alikuwa na magari matatu ya kuosha, na anakumbuka kubonyeza swichi lakini huenda anakumbuka ya siku nyingine. Akaniomba radhi. Dada, aliniomba mimi radhi, kwamba amenitia katika fedheha. Akaniamkia akaondoka. Kesho yake akapanda basi la kuja kwenu.

Tangu hapo magari yamefunikwa maturubai kama maiti, yote kumi na mawili. Langoni watu wamesimama na mabango wakidai yaondolewe. Redio kila asubuhi inapokea simu, na mtu mmoja alisema afadhali binadamu mwenye makosa kuliko chuma kisicho na dhambi, studio nzima ikamsifu. Wagonjwa wa mbali wanaokuja kuchujwa damu wamerudi kutembea, na wengine wawili hawajaonekana tena. Mimi ndiye nimekuwa mtu mwema wa habari hii. Mzee aliyerukia boneti. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alinisimamisha mbele ya waumini, akanitolea mfano wa jicho la mtu aliyeumbwa na Mungu dhidi ya jicho la kununua. Wakapiga makofi. Nilisimama pale jasho linanitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda, nikiwa na hakika kwamba sakafu itafunguka. Haikufunguka. Hilo nalo liliniogopesha, kwamba inawezekana mtu akasimama mahali kama pale na uongo wake, na viti vikaendelea kuwa viti. Leo sikwenda ibadani. Ni Jumapili yangu ya kwanza kukosa bila kuumwa.

Sasa nimefika, dada. Wifi yako ameacha maharage, amekaa tu.

Haukuwa mgongo. Niliacha gari la mkate kwa sababu ya macho. Jicho la kulia lilianza kuingia ukungu miaka miwili na nusu iliyopita, na la kushoto linalifuata. Nilikwaruza nguzo ya geti, nikasema ni bahati mbaya. Halafu asubuhi moja mwendesha baiskeli alitokea kwenye ukungu huo nikamkosa kwa upana wa sahani. Nikarudisha funguo siku ile ile. Sikumwambia mtu. Nilijiambia likitajwa litakuwa kweli, na kwamba watanitia kisu ndani ya jicho, na hofu ya kisu hicho, dada yangu, ndiyo mama wa yote. Nikajifunza kuwajua watu kwa mwendo wao na kuhesabu ngazi. Kwenye kipimo cha macho cha kazi hii nilisimama wa tano katika mstari, nikawasikiliza wanne wa mbele wakisoma herufi za ukutani, nikazishika kama ubeti wa wimbo. Zamu yangu ilipofika nilizisema bila kukosea hata moja, muuguzi akanisifu. Bisibisi alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu kwa fahari.

Ile taa, kukiwa na kivuli, naiona. Jua likiwa usoni naona mng'ao mweupe tu, kama sinia lililogeuzwa juani. Magari ya gereji huwa ni Jumatatu na Jumanne, na siku ile ilikuwa Alhamisi, nikajua itakuwa kijani. Hicho ndicho nilichokiruka. Sikuona kijani. Sikuona rangi yoyote. Nilimsimamisha mama wa watu njiani nikamwambia asisogee, nikiwa sijui ni kitu gani kinakuja.

Na hilo silo kubwa. Ningekuwa kipofu tu, Mungu ana huruma na vipofu. Kubwa ni hili. Gari liliposimama nilikuwa nimelala kifua juu ya boneti, kichwa kimegota kioo, na taa iko kiganja kimoja kutoka usoni mwangu. Kwa umbali huo hata mimi naona. Ilikuwa nyekundu. Inawaka vizuri, haipepesi, nyekundu ya kutia uso joto. Niliiona kabla meneja hajang'oa waya, na kwa kuwa kichwa changu kiliwaziba wengine, ni mimi peke yangu niliyeiona. Kisha mtu akaniuliza rangi, na nikamwona muuguzi wa kipimo, nikaliona koti la chungwa likivuliwa, nikakiona kisu, nikamwona Mwalimu chini, na mdomo ukasema kijani kabla sijaujua. Lakini jioni mwanao aliponiuliza sebuleni kwangu, mdomo nilikuwa naujua. Mara ya pili nilisema kwa akili zangu timamu.

Ijumaa nilikwenda wodini. Mwalimu amelazwa mguu umening'inizwa kwa uzito, amekonda. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono akaniuliza anaonyesha vidole vingapi. Nikasema vitatu. Akaushusha mkono. Mpaka sasa sijui vilikuwa vingapi. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonileta kwenye karatasi hii. Alisema gari hakuliamini hata dakika moja, si kabla na si siku ile. Aliniamini mimi, ndiyo maana hakulitazama. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema yeye hatoi alama kabla ya mtihani kukusanywa, nirudi kwake Jumatatu nikitoka kwenye kamati. Mumewe alikuwa amekaa kando ya kitanda. Safari hii hakucheka.

Nilirudi nikamwambia wifi yako. Alinipiga kofi moja la bega, akalia, kisha akaniuliza ni tangu lini namwagia chai mezani yeye anadhani ni mawazo. Ndiye aliyenichorea mistari ya karatasi hii kwa rula ili nisipande juu.

Dada, najijua. Kesho saa nne nitaingia chumba kile chenye meza ndefu, meneja atanitazama, waandishi watakuwa mlangoni, na watu wa mabango nje watanipigia makofi nikipita. Mara mbili nimeulizwa rangi ya taa na mara mbili hofu imejibu kwa niaba yangu. Siwezi kukuapia kwamba mara ya tatu haitajibu. Nimekwisha kutumia jina la Mungu vibaya vya kutosha, sitaapa tena. Kwa hiyo nimeandika leo. Fundi cherehani jirani yetu anasafiri jioni hii, atakukabidhi bahasha mkononi mwako asubuhi na mapema. Ukiipata, kamati itakuwa haijakaa. Ngoja simu. Ukisikia nimesema nyekundu, uichome kama unataka. Ukisikia nimesema kijani, au kwamba nimeumwa, au kwamba sikumbuki vizuri, basi usinionee haya kwa kuwa ulinibeba mgongoni. Panda basi na barua hii uwasomee mezani pao, yote, pamoja na habari za herufi nilizokariri. Sahihi yangu ipo chini na wifi yako ni shahidi.

Ila usingoje chochote kwa upande wa Bisibisi. Ukimaliza kusoma mwite, hata kama bado amelala. Mwambie aliwasha swichi. Mwambie hakusahau, hakuchanganya na siku nyingine, sabuni haikumtelezesha. Mwambie ilikuwa inawaka, mjomba wake aliiona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Kisha mpe balbu abadilishe.

Nisalimie shemeji, mwambie asidharau kifua. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, ila usiwaambie bado niliko kiroho. Goti usilipe kazi ya kupanda ngazi. Wifi yako anasema atakuja mwisho wa mwezi, na mimi nitakuja nikiwa na ruhusa ya kuja, ya kamati na ya kwako. Niombee kesho, kuanzia saa tatu na nusu.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba wa mama.